Somo la Ujirani: Tusichoulizana na Tunachopaswa Kuulizana



Katika mtaa mmoja wa jiji hili, wananchi walikutana chini ya mwembe kujadili mtaro wa maji ya mvua. Mwandishi wa somo hili alikuwa amesimama nyuma, akiandika kumbukumbu. Alizungumza mzee mmoja, akafuata mfanyabiashara wa duka, kisha akafuata mwenye nyumba iliyopakana na mtaro. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alinyoosha mkono, akasita, kisha akaushusha. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwamba yeye ni mpangaji tu, na mambo ya mtaa yana wenyewe. Alikuwa ameishi hapo kwa miaka kumi na mmoja, na kila masika maji ya mtaro ule yaliingia chumbani kwake.

Pembeni aliketi kijana asiyesikia. Alikaa hadi mwisho, akiyatazama macho na midomo ya wasemaji. Watu walipotawanyika, hakuna aliyemweleza kilichoamuliwa.

Hakuna aliyewafukuza wawili hao. Hakuna aliyewatukana. Hata hivyo, mkutano ulimalizika bila ya wao kuwamo. Hilo ndilo jambo tunalokusudia kujifunza katika toleo hili: mtu anaweza kuachwa nje ya jamii yake pasipo mlango kufungwa.

1. Jambo tusiloulizana

Kabla mji huu haujaitwa Dar es Salaam, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na wenyeji wa pwani hii walikuwa Wazaramo na Washomvi. Misafara ya biashara ilipoanza kushuka kutoka bara, Wanyamwezi walifika hapa wakiwa wageni waliochoka na wenye mizigo. Baina yao na Wazaramo ukazaliwa utani, ambao hadi leo unamruhusu mtu kumdhihaki mwenzake wakati wa msiba pasipo kuchukiwa, na unamlazimu kumsaidia. Wahenga walipata njia ya kumgeuza mgeni kuwa mtu wa nyumbani.

Njia nyingine ilikuwa ngoma. Katika miaka ya 1950, wanawake wa Dar es Salaam wenye asili mbalimbali walikutana katika vikundi vya ngoma na lelemama. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha namna hiyo, alipoanza kuhamasisha wanawake wajiunge na TANU mwaka 1955, alivitumia vikundi hivyo. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kuzoea kukaa pamoja kabla siasa haijawafikia.

Baada ya Uhuru, taifa lilichagua njia hiyo hiyo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao na dini yao. Tangu wakati huo, serikali haijamhesabu mwananchi kwa kabila. Matunda yake tunayaona Tandika, Mbagala, Keko na Yombo Vituka, ambako jirani hula pilau ya Idi kwa mwenzake, na mwenzake akamwalika Krismasi, na mara nyingi hawajui makabila yao mpaka siku ya posa.

Huu ni urithi mkubwa. Lakini unaweza kutulaza usingizi. Tukishazoea kusema kwamba hatubaguani, tunaweza kudhani kwamba hakuna aliyeachwa.

2. Jambo tuliloulizwa mwaka 2022

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 haikuuliza kabila. Iliuliza jambo jingine: iwapo mtu ana ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Tuzitafakari tabia hizi mbili kwa pamoja. Sensa ile ile iliyonyamazia tofauti moja iliitafuta nyingine kwa makusudi, kwa sababu tofauti ya kwanza haipaswi kumpunguzia mtu chochote, ilhali ya pili, isipoulizwa, humpunguzia mtu kila kitu.

Matokeo yalionesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 5,383,728. Kati yao, Temeke ilikuwa na wakazi 1,346,674, na Kinondoni 982,328. Kitaifa, asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea walikuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine. Kwa kipimo hicho, katika mkutano wa mtaa wenye watu 100, tungetarajia kuwamo watu wapatao 11 wenye ulemavu. Wapo ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Hata hivyo, kila mmoja wetu ajiulize kwa dhati: katika mkutano wa mwisho aliohudhuria, walikuwapo wangapi? Na wale wengine walikuwa wapi siku hiyo?

3. Mkazi ni nani?

Turudi kwa yule mama mpangaji. Serikali za Mitaa hazimtambui mtu kwa hati ya nyumba. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, mpigakura alitakiwa kuwa raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 18, na awe mkazi wa mtaa husika. Hapakuwa na sharti la kumiliki kiwanja. Mpangaji wa chumba kimoja alikuwa na kura moja, na mwenye nyumba ya vyumba kumi naye alikuwa na kura moja.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumkumbusha mgeni wajibu wake wa kufanya kazi. Lakini jembe ni haki pia. Aliyepewa jembe amepewa sehemu ya shamba. Mpangaji anayechangia ulinzi shirikishi, anayelipa fedha za taka na kufagia mbele ya nyumba asiyoimiliki, amekwisha kushika jembe. Asichopewa bado, mara nyingi, ni nafasi ya kusema shamba lilimwe vipi.

Jambo hili lina uzito katika maisha ya kila siku. Barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa huhitajika katika shughuli nyingi: kufungua akaunti ya benki, kumdhamini ndugu, kuomba kitambulisho, kuomba mkopo wa kikundi. Mwenyekiti na Mtendaji hawawezi kumtambulisha mtu wasiyemjua. Kwa hiyo, ndugu mpangaji, ukihamia mtaa mpya, fika ofisi ya Serikali ya Mtaa ujitambulishe kabla hujapata shida. Nawe mwenye nyumba, mpeleke mpangaji wako kwa majirani na kwa viongozi wa mtaa katika wiki ya kwanza.

4. Mkutano unaofikika

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ilitungwa baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Sheria hiyo inazitaka mamlaka za Serikali za Mitaa kulinda haki na ustawi wa watu hao, na inaelekeza kuwapo kwa kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Waajiri wa viwanda na maghala katika eneo letu wanahusika.

Sheria ni msingi. Kuta hujengwa na majirani, na kazi nyingi hazihitaji fedha. Yafuatayo yanaweza kufanyika kabla ya mkutano ujao:

Kwanza, mahali. Mkutano ufanyike penye uwanja tambarare. Pakiwa na ngazi, iwekwe njia ya mteremko itakayopitisha kiti mwendo. Atakayepanga mahali aipite njia hiyo mwenyewe na kujiuliza kama mwenye fimbo nyeupe angeipita salama.

Pili, tangazo. Karatasi iliyobandikwa ukutani haimfikii asiyeona, na kipaza sauti cha bajaji hakimfikii asiyesikia. Tangazo litolewe kwa njia zote mbili, na kwa ujumbe wa simu pale inapowezekana.

Tatu, lugha. Viongozi wa mtaa waulizie mapema mkalimani wa lugha ya alama kupitia Ofisa Ustawi wa Jamii. Akikosekana, mtu mmoja aketi karibu na asiyesikia na kumwandikia mambo yanayosemwa, iwapo anasoma. Huo ni msaada mdogo, lakini unamwezesha kujua kilichoamuliwa kabla hajaondoka.

Nne, saa. Mkutano wa saa nne asubuhi, siku ya kazi, huwaacha nje mama lishe, dereva wa bodaboda na kibarua wa kiwandani. Wakazi wenyewe waulizwe ni saa ipi inayowafaa walio wengi.

Tano, zamu ya kusema. Mwenyekiti asiishie kuuliza nani ana swali. Awatazame walionyamaza, awape nafasi kwa jina na kwa heshima, bila ya kuwalazimisha. Lau mwenyekiti wa mkutano ule wa mtaro angeuona mkono ulioshushwa, huenda tungepata maelezo ya mtu anayeyajua maji yale kuliko sote.

5. Sehemu yako katika mapato ya Halmashauri

Kushirikishwa kunakoishia katika maneno hakumshibishi mtu. Kwa sababu hiyo, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yasiyo mapato lindwa, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tuuchukue mfano ulio rahisi. Katika kila shilingi 1,000 ya mapato hayo, zikiwamo fedha za leseni ya biashara, ushuru wa soko na ushuru wa huduma, shilingi 40 ni za mikopo ya wanawake, 40 za vijana na 20 za watu wenye ulemavu. Mfanyabiashara anayelipa ushuru katika soko la Tandika anamkopesha jirani yake. Na jirani huyo asiporejesha, anamnyima jirani wa tatu, kwa kuwa fedha zinazorejeshwa ndizo zinazokopeshwa tena.

Utaratibu huu ulisitishwa mwezi Aprili 2023 ili kurekebisha namna ya kutoa na kusimamia mikopo, na ulirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Wapo waliokata tamaa wakati huo na hawakurudi kuuliza tena. Tunawasihi warudi. Wanawake na vijana huomba wakiwa katika vikundi vilivyosajiliwa. Kwa watu wenye ulemavu, kanuni zilirekebishwa ili mtu aweze kuomba hata akiwa peke yake, kwa kuwa si kila mmoja anaweza kuzunguka akitafuta wenzake wa kuunda kikundi. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yako ndiye atakayekueleza masharti, usajili na namna ya kujaza maombi katika mfumo wa kielektroniki. Maelezo hayo ni haki yako. Usimlipe dalali.

Mkopo huhitaji ujuzi. Katika eneo letu kipo chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu, kule Yombo. Wazazi wengi hukijua kwa jina tu, wakidhani ni cha watoto wa wengine.

6. Mtoto aliye ndani

Tunalisema hili mwisho kwa sababu ni zito. Wapo watoto wenye ulemavu ambao hawajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba zao. Aghalabu wazazi huwaficha kwa hofu ya maneno ya watu, na maneno hayo ni yetu sisi majirani. Ukimjua mtoto wa namna hiyo, usianze kwa kumshitaki mzazi. Anza kwa kumtembelea. Keti naye, muulize anahitaji nini, kisha mwelekeze kwa Ofisa Ustawi wa Jamii au kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu. Iwapo mtoto anateswa au maisha yake yamo hatarini, toa taarifa mara moja.

Wazee wetu walituachia heshima ya kutoulizana kabila. Sisi tunalo swali la kuwaachia watoto wetu, nalo ni fupi: "Jirani, ni nini kinachokuzuia kuwa pamoja nasi?" Aulizwe mpangaji. Aulizwe asiyesikia. Aulizwe mzee asiyetoka nje. Jibu lao ndilo liwe ajenda ya mkutano unaofuata.

Maswali ya kujadiliana katika mtaa wako

1. Ni wakazi gani ambao hatujawaona katika mikutano yetu mitatu iliyopita? Nani atawatembelea?

2. Je, mahali tunapokutania panafikika kwa mtu mwenye kiti mwendo na kwa asiyeona? Tufanye nini, kwa nguvu zetu wenyewe, ndani ya mwezi mmoja?

3. Je, tunayo kamati ya watu wenye ulemavu katika mtaa wetu? Ilikutana lini mara ya mwisho?

4. Ni vikundi vingapi vya mtaa wetu vilivyoomba mkopo wa asilimia 10, na vilivyokosa vilielezwa sababu?

5. Mpangaji akihamia kwetu leo, nani atamkaribisha?

Tunashauri majibu yaandikwe na yawasilishwe kwa Mtendaji wa Mtaa, ili yaingizwe katika kumbukumbu na yafuatiliwe.

Imeandaliwa na Ofisa Mawasiliano