SOMO KWA WAZAZI NA WALIMU: LUGHA YA MTOTO INABEBA DESTURI ZA KWAO



Somo hili ni la watoto wa miaka 4 hadi 8. Wengine walivuka mpaka wa Kasindi na Mpondwe wakiwa mgongoni, wengine wamezaliwa huku Uganda. Nyumbani wanasikia Kinande, Kiswahili au lugha nyingine ya Kongo. Shuleni wanakuta Lhukonzo na Kiingereza. Mtoto akichekwa kwa matamshi yake, huanza kukataa kujibu kwa lugha ya mama. Hapo hapotezi maneno tu. Anapoteza njia ya kuongea na babu na bibi, na mafundisho yaliyomo ndani ya maneno hayo.

LUGHA INATUONYESHA NINI?

Mtoto mdogo haelewi neno "utamaduni". Mpe mifano.

1. Majina. Kwa Wakonzo wa Kasese na Bwera, na kwa Wanande wa Beni na Butembo, jina linaeleza mtoto amezaliwa wa ngapi. Mvulana wa pili ni Bwambale kwa Wakonzo, Kambale kwa Wanande. Wa tatu ni Masereka huku, Kasereka kule. Wa nne ni Kule huku, Kakule kule. Msichana kifungua mimba ni Masika pande zote mbili. Kumbe mwenzake wa darasani si mtu wa mbali! Mpaka uliowekwa na wakoloni mwaka 1910 ulipita katikati ya ndugu.

2. Theluji. Kiswahili kilichukua neno hili kutoka Kiarabu, kwa sababu pwani hakuna theluji. Wakonzo wana neno lao wenyewe, nzururu, kwa kuwa wanaiona juu ya mlima wao, ingawa ikweta iko karibu. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Jina Rwenzururu linatokana na neno hilo. Watu huita kile wanachoishi nacho.

3. Mgeni. Kiswahili kina neno moja kwa mtu asiyejulikana na kwa mtu aliyekaribishwa nyumbani. Wagiriki wa kale walikuwa hivyo hivyo: neno lao xenos lilikuwa na maana zote mbili, na kumpokea mgeni kulikuwa wajibu mkubwa kwao. Kiingereza kina maneno mawili tofauti. Mwulize mtoto: mgeni akifika kwetu, tunampa nini kwanza? Jibu lake ndilo somo.

FANYENI HIVI

- Kila jioni mfundishe mtoto neno moja la nyumbani: chombo, chakula, mmea au salamu. Mweleze linatumika wapi na nani hulitumia.

- Mwalimu, waache watoto waeleze majina yao. Wako wasiopewa majina kwa kufuata uzazi. Nao waeleze desturi ya kwao. Mtoto aliyepoteza wazazi asilazimishwe. Achague neno jingine analolipenda.

- Chukueni kitu kimoja, kama maji au muhogo, kila mtoto akitaje kwa lugha yake. Maneno yote yaandikwe ubaoni, na yote yasomwe kwa heshima.

- Mtoto akikosea, rudia neno vizuri na uendelee. Usimcheke mbele ya wenzake.

JE, LUGHA YA NYUMBANI ITAMZUIA KUJUA KIINGEREZA?

Wazazi wengi wana hofu hiyo. Hapana, haitamzuia. Mtoto hushika kusoma upesi zaidi katika lugha anayoielewa, kisha huhamisha ujuzi huo kwenye lugha nyingine. Kwa sababu hiyo mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 uliweka lugha ya mahali kuwa ya kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu, hasa vijijini, na Kiingereza kikawa somo. Mtoto wa Kinande akisikia Lhukonzo darasani, tayari ana nusu ya njia. Kiswahili nacho kina nafasi: mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

KUMBUKENI

Familia inapokimbia huacha shamba, nyumba na mifugo. Lugha haihitaji mzigo, lakini isiposemwa hufa ndani ya nyumba moja, kati ya mzazi na mtoto. Anzeni leo jioni, kwa neno moja.