Venice Wakati wa Biennale: Anzia Vichochoroni

Ukienda Venice kuangalia Biennale, maonyesho ya kimataifa ya sanaa, karibu kila mshauri atakuambia uanzie Giardini, bustani ya mashariki mwa mji ambako mataifa yamejijengea mabanda ya kudumu. Mimi nasema anzia vichochoroni. Siku ya kwanza, miguu ikiwa bado na nguvu, izungukie mitaa yenye mabanda yaliyopangishwa katika majumba ya kale, makanisa na maghala. Nchi zetu nyingi za Afrika ziko huko, na mengi ya mabanda hayo hayatozi kiingilio. Anayeanza na Giardini huchoka mapema, akaondoka Venice bila kumwona hata msanii mmoja wa kwao.

Nchi zetu kuwa vichochoroni kuna sababu ya kihistoria. Maonyesho haya yalianza mwaka 1895. Ubelgiji ilijenga banda lake bustanini mwaka 1907, nchi nyingine zikafuata, na viwanja vingi vikachukuliwa wakati sehemu kubwa ya Afrika ingali chini ya wakoloni. Leo Giardini ina mabanda 29, na la Kiafrika ni moja tu, la Misri. Wengine hutafuta pa kupanga. Uganda ilipoingia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 ilipanga katika jumba la Palazzo Palumbo Fossati, ikawaonyesha Acaye Kerunen na Collin Sekajugo. Kazi za Kerunen zilitokana na ususi wanaoufanya wanawake wa Uganda, wa kutumia nyuzi za migomba na majani ya mimea ya huko, na zilining'inia ukutani kwa ukubwa unaomlazimisha mtu kurudi nyuma ili azione. Majaji waliitunuku Uganda tuzo ya kutajwa kwa heshima. Tanzania nayo ilipata banda lake la kwanza la taifa mwaka 2024. Na mwaka 2013 Angola, ikiwa mgeni kabisa, ilinyakua tuzo ya Simba wa Dhahabu ya banda bora kwa picha za Edson Chagas za mitaa ya Luanda. Zilichapwa kama mabango na kupangwa kwa marundo sakafuni, na kila mgeni aliruhusiwa kuondoka nazo, huku kuta za jumba ilimopanga Angola zikiwa zimejaa michoro ya Kiitaliano ya karne nyingi zilizopita.

Kuna jambo la kuchunguza unapoingia katika banda lolote la kupanga: nani ameonyeshwa, na nani ameamua. Mwaka 2013, na tena 2015, banda lililobeba jina la Kenya lilijaa wasanii wa Italia na China zaidi kuliko Wakenya. Wasanii wa Nairobi walipaza sauti, na mwaka 2015 serikali yenyewe ikajitenga na banda hilo. Malalamiko yale yalizaa matunda, kwani mwaka 2022 banda la Kenya lilikuwa la Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani. Otieno hufuma vitambaa vizito kwa vipande vya makopo ya soda na bia. Kwa hiyo soma karatasi ya ukutani yenye majina ya wasimamizi na wafadhili kabla hujazitazama kazi. Ni haki yako kujua jina la nchi yako limetumiwa na nani.

Sasa namna ya kuyapata mabanda hayo. Mji umegawanywa katika sehemu sita: Cannaregio, Castello, Dorsoduro, San Marco, San Polo na Santa Croce. Anwani haitaji mtaa bali sehemu na namba, kwa mfano Castello ikifuatwa na tarakimu nne, na namba hizo huzunguka sehemu nzima kwa mpangilio ambao hata wenyeji huwasumbua. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hatashtuka. Chukua ramani ya karatasi ya Biennale, weka alama kwenye mabanda unayoyataka, uyagawe kwa sehemu: asubuhi Dorsoduro, alasiri San Marco, jioni Castello. Andika pia jina la kanisa au kivuko kilicho karibu, maana ndilo utakaloulizia njia.

Kwa Giardini na Arsenale, maeneo mawili makuu ya Biennale, tiketi ya kawaida hukuruhusu kuingia mara moja katika kila eneo, na si lazima iwe siku moja. Zitenge siku mbili. Ukitoka nje ya lango umeshatoka, basi kula na kupumzika fanya humo ndani. Jumatatu milango hufungwa, isipokuwa Jumatatu chache zinazotangazwa. Walio chini ya miaka 26 na wanafunzi hulipa nusu hivi ya bei, ila lazima kitambulisho kiwepo.

Arsenale ilikuwa karakana ya merikebu za dola ya Venice. Jengo lake kuu, Corderie, lina urefu wa zaidi ya mita 300, na humo zilisokotwa kamba za merikebu zilizotawala biashara ya Bahari ya Kati. Mtu wa pwani anayejua kazi ya kamba chomboni asipite pale haraka. Simama kati ya nguzo zile za matofali, utazame mbele hadi mwisho wa ukumbi, ndipo uanze kuangalia sanaa. Hapa na kwenye jumba kuu la Giardini ndipo panapofanyika maonyesho ya msimamizi mkuu, na hapa Waafrika wamekuwa na sauti kubwa kuliko kwenye mabanda. Okwui Enwezor wa Nigeria aliyasimamia mwaka 2015, mwaka ambao El Anatsui wa Ghana alipewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi, alionyesha vyungu vyake mwaka 2022.

Giardini usiikwepe, lakini ingia ukijua unachokifuata. Mara kwa mara nchi tajiri huwapa wengine banda lake, na hapo ndipo pa kwenda kwanza. Mwaka 2024 Uholanzi iliwaachia banda lake wasanii wa CATPC, wafanyakazi wa mashamba ya Lusanga nchini Kongo, walioleta sanamu za mafuta ya mawese na kakao, mazao yaleyale yaliyowatajirisha wengine. Mwaka 2025, ulipokuwa mwaka wa usanifu wa majengo, Kabage Karanja na Stella Mutegi wa Cave_bureau, ofisi ya usanifu ya Nairobi, walikuwa miongoni mwa wasimamizi wa banda la Uingereza. Nje walilivisha jengo hilo pazia la shanga. Ndani palikuwa na umbo la pango la watumwa la Shimoni, pwani ya Kenya, lililofumwa kwa henzirani. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuliweka pango lile kuliko ndani ya nyumba ya Waingereza.

Miaka hubadilishana: mmoja wa sanaa, mmoja wa usanifu. Maonyesho ya sanaa ya 61 yamepangwa kuanzia 9 Mei hadi 22 Novemba 2026, kwa mpango alioacha Koyo Kouoh, mzaliwa wa Cameroon, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuteuliwa kuwa msimamizi mkuu, aliyefariki Mei 2025 kabla ya kuuona ukikamilika. Kwa hali ya hewa, chagua mwishoni mwa Mei au Oktoba. Julai na Agosti joto na umati hukomesha. Novemba ina nafasi, ingawa bahari huweza kufurika sehemu za chini, japo milango ya kuzuia maji iliyoanza kazi mwaka 2020 imepunguza adha hiyo.

Viza ya Schengen iombe kwa Italia kama ndiko utakakokaa zaidi. Unaweza kuwasilisha maombi hadi miezi sita kabla ya safari, nawe usingoje mwezi wa mwisho, kwa sababu nafasi za miadi hujaa. Ada ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000.

Malazi ndani ya kisiwa ni ghali. Wengi hulala Mestre, upande wa bara, dakika kama kumi kwa treni. Huko kuna jamii kubwa ya Wabangladeshi, hivyo chakula halali hupatikana bila shida. Boti za abiria, vaporetto kwa wenyeji, mwaka 2025 zilitoza yuro 9.50 kwa dakika 75, wakati tiketi ya saa 72 ilikuwa yuro 45. Anayekaa siku tatu achukue hiyo ya pili. Boti namba 1 hupita mfereji mkuu na kusimama Arsenale na Giardini. Mzee au mtu wa kiti cha magurudumu aitegemee hiyo, maana madaraja ya mji yana ngazi. Anayekuja kwa siku moja bila kulala huenda akatozwa ada ya kuingia mjini katika siku zilizotangazwa, kwa hiyo angalia kalenda mapema. Beba chupa, kwani mabomba ya maji safi ya bure yamejaa viwanjani. Mchana kula Via Garibaldi, barabara iliyo kati ya Arsenale na Giardini, ambako bei ni nafuu kuliko San Marco.

Na katika kila banda la kwetu, zungumza na anayekaa mlangoni. Muulize kazi za msanii huyu huonekana wapi akiwa nyumbani. Dar es Salaam utaelekezwa Nafasi Art Space, Nairobi pengine NCAI iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, Kampala 32° East. Andika majibu nyuma ya ramani yako, maana Novemba ikiisha mabanda ya kupanga hurudishwa kwa wenyewe na kazi hufungwa masandukuni.