Snodropu: Anza na Jani, Ua Litangoja

Katikati ya Februari, bustani za Uingereza zikiwa bado tope na vijiti vitupu, utakuta watu wazima wamepiga magoti chini ya miti, wengine wamelala kifudifudi kabisa, wakichungulia vijiua vyeupe visivyozidi shibiri moja kutoka ardhini. Wanasoma snodropu. Wajerumani huliita ua hili kikengele cha theluji, Wafaransa mtoboa theluji, na jina lake la kisayansi, Galanthus, limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: maziwa na ua. Spishi zake za porini ni kama ishirini, lakini aina zilizopewa majina bustanini zimepita mamia kwa mbali. Mwaka 2001 Matt Bishop, Aaron Davis na John Grimshaw walitoa kitabu kilichoeleza zaidi ya aina 500, na majina mapya hayajakoma kutoka.

Ukisimama wima, yote ni mamoja. Kichwa kimeinama, petali tatu ndefu nyeupe nje, tatu fupi ndani zenye alama ya kijani. Ndiyo maana anayeanza huikimbilia hiyo alama. Nilifanya hivyo misimu miwili mizima, daftari likajaa michoro ya alama za kijani, na karibu kila jina nililoandika lilikuwa la makosa. Alama huyumba. Tunguu moja laweza kutoa ua la pili lenye alama iliyofifia kuliko la kwanza, na mmea uliohamishwa mwaka jana mara nyingi hutoa ua lisilo na sura yake. Jani ni tulivu zaidi, kwa hiyo tuanze nalo.

Fukua kwa kidole taratibu mpaka uone pale majani mawili yanapochomoza. Zipo namna tatu za kukaa, na ukizijua hizi tatu umeshavuka mto. Ya kwanza, majani yamelaliana bapa kama viganja viwili vilivyokutanishwa, membamba, ya kijani cha kijivu. Hiyo ni Galanthus nivalis, snodropu ya kawaida inayotandaza misitu na viwanja vya makanisa. Wengi hudhani ni mwenyeji wa Uingereza, kumbe aliletwa kutoka bara la Ulaya. Ya pili, kingo za kila jani zimekunjwa nyuma kama upindo wa suruali, na mkunjo ule huacha alama hata jani likishapanuka. Hiyo ni Galanthus plicatus, ya Krimea na nchi jirani, ambayo matunguu yake yaliletwa pia na wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Krimea vya miaka ya 1850. Ya tatu, jani moja limelizunguka jenzake kama mtu alivyojifunga kanga. Hapo uko kwa Galanthus elwesii ikiwa jani ni pana na lina vumbi la kijivu-buluu, au Galanthus woronowii ya Kaukasi ikiwa ni la kijani kibichi kinachong'aa kama limepakwa mafuta.

Elwesii ilipewa jina la Henry John Elwes, aliyeikuta mwaka 1874 milimani karibu na Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Bustani yake ya Colesbourne, Gloucestershire, bado hupokea wageni kila Februari, na sijui shule bora kwa macho ya mwanafunzi: unasimama penye fungu lenye jina lake, unainama, unalinganisha, unasogea penye jingine.

Kuna tatizo moja katika namna hizo tatu za majani. Spishi hizi zikipandwa pamoja huzaliana, na mmea mwingi wa bustanini ni chotara. Mtoto wa nivalis na plicatus, kwa mfano, huwa na majani yaliyolaliana bapa lakini ukingo mmoja umejikunja kidogo tu. Usiupuuze mkunjo huo mdogo. Uandike, kwa sababu ndio utakaokupunguzia majina mia kuwa kumi.

Sasa panda juu kwa mpangilio, usiruke: bua, kikonyo kinachoning'iniza ua, ovari (kile kijifundo cha juu ya petali), petali za nje, kisha za ndani. Aina nyingi zinazotafutwa sana hujitambulisha kabla hujafika kwenye alama ya kijani. ‘Magnet’ ina kikonyo kirefu na chembamba mno, ua likicheza hata kwa upepo usiotikisa mengine. ‘Wendy's Gold’ ina ovari ya njano pale ambapo nyingine zina ya kijani. ‘Viridapice’ ina ncha za kijani kwenye petali za nje. ‘Trym’ inashangaza zaidi, maana petali zake za nje zimechukua umbo na alama ya zile za ndani, ua zima likafanana na kijumba chenye paa la mgongo. Ukiona petali zote sita ni sawa kwa urefu na kila moja ina doa nchani, hiyo si snodropu kabisa. Ni Leucojum, jamaa yake wa karibu.

Kuona alama ya ndani unahitaji joto. Petali za nje hufunguka hewa ikifika kama nyuzi 10, na asubuhi ya baridi unaweza kungoja bure mpaka jioni. Kata ua moja ulilete ndani, liweke kwenye glasi; baada ya dakika chache litakuwa wazi. Hapo tazama kama alama ni moja au mbili, ni ya umbo la V au la herufi X, imefika wapi. ‘Merlin’ karibu ndani yote ni kijani. Halafu nusa. ‘S. Arnott’ inanukia asali, na aliyeinusa mara moja haisahau.

Bado usiandike jina kwa wino. Ngoja misimu miwili, ikiwezekana mitatu, mmea ukiwa umetulia mahali pamoja. ‘Lady Elphinstone’, yenye petali nyingi za ndani na alama ya njano, ikihamishwa yaweza kuchanua kijani mwaka mmoja au miwili kabla ya kurudia njano yake. Nimesikia watu wameitupa kwa kudhani wameuziwa nyingine, na inaniuma kila nikifikiri juu yake.

Kuhusu kununua: nunua mmea ukiwa na majani, Februari au Machi, kwa muuzaji anayeotesha mwenyewe. Matunguu makavu ya vuli mara nyingi yamekaa mno juu ya rafu, na yakikauka sana hayaamki. Bei isikutishe wala isikupumbaze. Tunguu moja la ‘Golden Fleece’ liliuzwa pauni 1,390 mwaka 2015, na la ‘Golden Tears’ pauni 1,850 mwaka 2022, lakini ‘S. Arnott’, ‘Magnet’ na ‘Viridapice’ ni za bei ya kawaida na kwa uzuri hazipitwi na nyingi za ghali. Anza na hizo. Kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1981, na snodropu zote zimo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo usitie tunguu mfukoni ukavuka nalo mpaka bila kwanza kuulizia vibali.

Ukifika nyumbani panda siku hiyohiyo, kina cha sentimita nane hadi kumi, chini ya mti unaopukutisha majani, kwenye udongo wenye mboji usiotuamisha maji. Vaa glavu ukishika matunguu mengi, na uyaweke mbali na jikoni: yana sumu, na yanafanana na vitunguu vidogo kupita kiasi. Fungu likisongamana, baada ya miaka mitatu au minne, ligawe maua yakinyauka na majani yakiwa bado mabichi.

Na kila unapogawa, kumbuka James Allen wa Shepton Mallet, aliyezalisha snodropu nyingi kuliko mtu yeyote wa zama zake mwishoni mwa karne ya 19, zikiwemo ‘Magnet’ na ‘Merlin’. Ukungu wa kijivu na nzi wa nasisi vilimfyekea sehemu kubwa ya mkusanyo. Zilizonusurika ni chache, na zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimeshafika kwenye bustani za wengine. Kwa hiyo aina yoyote unayoithamini ipande mahali pawili mbalimbali, kisha mpe rafiki tunguu la tatu. Ukiona jani lililochipua likiwa na ukungu huo wa kijivu na limejipinda, ling'oe na tunguu lake na udongo ulioligusa, ulitupe mbali na mboji yako.

Lililobaki ni jina lenyewe. Kibao cha plastiki hupasuka kwa baridi, ndege hukichomoa wakitafuta minyoo, na wino hufutwa na jua kabla ya mwaka kwisha. Andika kwa penseli, au chora kwa msumari kwenye kipande cha alumini. Weka kimoja juu, ufukie cha pili kando ya matunguu. Kisha chora ramani ya kitalu kwenye daftari: kila fungu, limetoka kwa nani, mwezi na mwaka, majani yamekaaje, kikonyo, ovari, alama. Fanya hivyo Machi, majani yakiwa bado yanaonekana, kwani kufika Juni hakutakuwa na kitu juu ya ardhi cha kukuonyesha ulipanda wapi.