Mji, Kijiji na Jiji: Msamiati wa Mjini na Shamba baina ya Dar es Salaam na Uzaramo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna msamiati wa Kiswahili unavyobeba tofauti za kisiasa na kiutamaduni zilizopo baina ya Dar es Salaam na maeneo ya Uzaramo yanayoizunguka. Inadaiwa kwamba kiumbo lugha inayaunganisha mambo ambayo kimaana imeyatenganisha, na kwamba utengano huo si wa maneno matupu, kwa kuwa una athari katika sheria, kazi na haki ya ardhi.

1.0 Utangulizi

Tofauti za mji na shamba zimeandikwa sana na wanahistoria na wanajiografia. Wanaisimu hawajazishughulikia kwa kiwang'o hichohicho, ingawa mgawanyo huo huanza kujulikana kwa mtoto kupitia maneno kabla hajaufahamu kwa safari. Dar es Salaam ni mfano unaofaa. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, ukawa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891, na ukapewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi wapatao 273,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Ukuaji huo umefanyika juu ya ardhi ya Wazaramo, ambao wengi wao hivi leo wamo Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, na wengine wamo jijini humo humo.

2.0 Umbo: shina moja, makazi matatu

Maneno mji, kijiji na jiji yana shina moja la silabi moja, -ji. Katika ngeli ya M-/MI- shina hilo huzaa mji. Likikuzwa huzaa jiji, kama vile mtu anavyozaa jitu na mto unavyozaa jito. Likidunishwa, kanuni ya mashina ya silabi moja hudai kiambishi ji- kitangulie shina, ndipo ki- kifuate mbele yake: mti huwa kijiti, mto huwa kijito, na mji huwa kijiji. Kwa hiyo, kwa mtazamo wa umbo tu, jiji limo ndani ya kijiji.

Lugha nyingine za Kibantu zinaonyesha kwamba maana ya awali ya shina hili haikuwa mji wa maghorofa. Mudzi wa Kichewa ni kijiji, na umuzi wa Kizulu ni makazi ya familia. Kiswahili chenyewe kimehifadhi mabaki ya maana hiyo: mwenye mji ni mkuu wa kaya, na mji wa mimba ni mahali mtoto anapokaa kabla ya kuzaliwa. Hata neno mwenyeji limejengwa kwa mwenye na -ji hiyohiyo.

Maneno haya, hata hivyo, yameshaganda katika maana zake mpya. Kijiji si tena "mji mdogo", kwani kijiji chenye watu wengi kuliko mji mdogo wa jirani hubaki kuitwa kijiji. Tofauti ya ukubwa imegeuka kuwa tofauti ya hadhi.

3.0 Maana: nani anampa nani jina?

Neno shamba lina maana mbili zinazotegemea mahali alipo msemaji. Kwa mkazi wa Maneromango, shamba huanza pale nyumba zinapokoma: ni mahali pa kulima mihogo, naye hurudi kijijini jioni. Kwa mkazi wa Kariakoo, shamba ni Maneromango nzima, pamoja na nyumba zake, shule zake na nyumba zake za ibada. Kutokana na maana hii ya pili limezaliwa neno mshamba, na kutoka kwake ushamba, ambao si kazi ya kulima bali ni upungufu wa maarifa na adabu.

La kuzingatia ni kwamba mshamba hana mwenzake. Kiswahili hakina nomino ya neno moja, iliyoundwa kwa mji na kiambishi m-, inayomtaja mkazi wa mjini kwa tabia zake. Panapohitajika, husemwa mtu wa mjini au mtoto wa mjini. Katika jozi za namna hii, upande unaotiwa alama ndio unaotazamwa, na upande usio na alama ndio unaotazama. Mkazi wa mji hakujipa jina kwa sababu alijichukulia kuwa ndiye kipimo.

Kipimo hicho kina mizizi mirefu. Ustaarabu ulitokana na dhana ya Kiarabu ya kuwa kama Mwarabu, na utamaduni ulitokana na tamaddun, neno lenye uhusiano na madina, yaani mji. Katika Kilatini, neno lililozipa lugha nyingi za Ulaya istilahi ya dhana hiyohiyo linatokana na kitenzi cha kulima. Kwa hiyo, anayesema kwa Kiswahili "utamaduni wa vijijini" anaunganisha, bila ya kujua, mambo ambayo asili ya neno iliyatenga.

Hali halisi ya Dar es Salaam inakanusha kipimo hicho. Mdundiko, ngoma ya Kizaramo, umepita katika mitaa ya jiji kwa miongo mingi. Mafunzo ya mwali yamehamia Mbagala na Temeke pamoja na makungwi wake. Jina mmachinga, ambalo asili yake ni jina la watu wa Lindi, limekuwa jina la kazi ya mjini. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, mkoani Pwani. Utamaduni na riziki vimesafiri kutoka shamba. Jina la dharau ndilo lililosafiri kwenda huko.

4.0 Siasa: maneno yanayoamua

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitambua hatari hii. Lilionya kwamba mikopo inayojenga viwanda na huduma za mijini hulipwa kwa fedha za mazao ya wakulima, na kwamba unyonyaji mkubwa nchini ungeweza kuwa ule wa watu wa mijini dhidi ya wakulima. Bendera ya CCM, yenye jembe na nyundo, iliunganisha mkulima na mfanyakazi. Hata hivyo, istilahi zenyewe ziliwatenga: ikiwa mfanyakazi ni yule wa mshahara, basi mkulima hafanyi kazi. Ndiyo maana jibu "sina kazi, nalima tu" husikika vijijini bila ya kumshangaza yeyote. Neno tu katika jibu hilo lina uzito kuliko kitenzi.

Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitoa mfano wa pili. Wale waliokosa ajira iliyotambuliwa jijini waliitwa wazururaji, na ilitakiwa warudishwe vijijini. Kitenzi rudisha kina dhanio ndani yake: kwamba anayerudishwa alitoka huko. Kwa kijana aliyezaliwa Manzese, au kwa Mzaramo ambaye babu zake waliishi hapo kabla ya jiji, dhanio hilo halikuwa kweli. Hivyo mwenyeji angeweza kuitwa mgeni katika mji wenye asili ya jina lake.

Mfano wa tatu, ambao ungali hai, ni wa ardhi. Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, mamlaka za wilaya zina vijiji na vitongoji, nazo mamlaka za miji zina mitaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilikabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa Halmashauri ya Kijiji, inayowajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtaa hauna mamlaka kama hayo. Kijiji kinapogeuzwa mtaa, wakazi wanaweza kufurahi kwamba wameacha ushamba, kumbe wameacha pia kikao kilichokuwa na kauli juu ya mashamba yao. Suala hili si dogo: wakazi wa mkoa wa Pwani waliongezeka kutoka takribani milioni 1.1 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 2 mwaka 2022, na sehemu kama Vikindu zinazidi kuwa uga wa jiji.

Mpaka wa jiji wenyewe haujatulia. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kisheria, mkazi wa Kinondoni hakai tena jijini. Kimazungumzo, hakuna aliyemtoa.

5.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Kiswahili kina shina moja kwa makazi yote, lakini matumizi yameligawa kwa daraja. Haipendekezwi kwamba maneno kama mshamba yafutwe kwa amri, kwani lugha haitii amri za namna hiyo. Kinachopendekezwa ni mambo mawili. Kwanza, watunga kamusi waonyeshe wazi kwamba maana ya dharau ya mshamba ni ya upande mmoja wa wasemaji, wasiitoe kana kwamba ni ya wote. Pili, kila kijiji kinapotakiwa kuitwa mtaa, wakazi wake waelezwe kwa Kiswahili wanachokielewa kile kinachoondoka pamoja na kiambishi ki-. Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Ni wajibu wa wanaisimu kuhakikisha kwamba neno nalo halimtupi.