Somo: Unene wa Watoto wa Masomo



Tumezoea kusema: "Mutoto huyu ana mwili, kwao wanakula vizuri." Na mutoto mwembamba watu wanamunong'oneza kwamba ni mugonjwa. Lakini macho hayatoshi kupima afya. Katika mwaka wa 2022, Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 19 wenye uzito wa kupita kiasi: walikuwa zaidi ya milioni 390.

1. Unene unatoka wapi?
Mwili unatumia chakula kama moto unavyotumia kuni. Chakula kisichotumika kinawekwa akiba, kinageuka mafuta. Mutoto anayeteka maji na kulima anatumia nguvu nyingi. Mwingine, katika miji yetu, anapanda pikipiki asubuhi, anakaa muchana, na mangaribi anatazama simu. Kwenye mulango wa masomo ananunua mandazi na kinywaji cha sukari. Chupa moja ya santilita 33 inaweza kuwa na vijiko vidogo 7 vya sukari. Tena, jamaa nyingine wanazaliwa na mwili wa kunenepa upesi. Basi unene si sababu ya kumuhukumu mutoto.

2. Hatari yake
Damu inapanda, magoti yanauma, na ugonjwa wa sukari unaweza kuja hata kwa kijana. Unakuja kimya. Angalieni shingo na makwapa: kama ngozi imekuwa nyeusi na nene, msiisugue mukisema ni uchafu. Inaweza kuwa alama kwamba sukari inaanza kusumbua mwili.

3. Tufanye nini?
a) Mutoto anywe maji. Vinywaji vya sukari viwe vya sikukuu.
b) Ongezeni sombe, lengalenga, maharagi na matunda, punguzeni bukari. Mawese yapimwe kwa kijiko.
c) Kila siku acheze au afanye kazi ya mwili kwa saa 1. Kijana alale saa 8 mpaka 10.
d) Nyumba nzima ile chakula kimoja. Musimutenge mutoto.
e) Musimunyime chakula, wala musinunue dawa za kupunguza mwili sokoni. Anakua bado, mara nyingi inatosha uzito usimame wakati urefu unaendelea.
f) Musimucheke. Mutoto anayechekwa anajificha, anakula kwa siri, na pengine anaacha masomo.

4. Kumupima
Kilo peke yake hazisemi kitu. Munganga anapima uzito pamoja na urefu, halafu anaangalia miaka. Lakini kama mutoto ana kiu sana, anakojoa mara kwa mara na anakonda, mulete siku ile ile.

Maulizo
1. Kwa nini kilo peke yake hazitoshi?
2. Shingo nyeusi inaweza kuonyesha nini?
3. Ni kitu gani mutabadilisha nyumbani leo?