Dondoo muhimu: Kumtumia zawadi ndugu aliye Uingereza

Tuma kitu chepesi kisichooza. Doti ya khanga inafaa sana, ila chagua jina lake kwa makini, maana aliye mbali atalisoma mara nyingi. Mafumbo ya kusutana yaache dukani. Iliki, mdalasini na karafuu kavu zifunge katika mifuko miwili isiyopitisha hewa.

Nyama na maziwa usitume, hata vikiwa vimekaushwa. Haviruhusiwi kuingia Uingereza kutoka Afrika Mashariki, na forodha huvichukua na kuviharibu.

Posta utajaza fomu ya forodha, na hapo ndipo wengi huharakisha. Andika kila kilichomo, uzito wake na thamani yake ya kweli, kisha weka alama kwenye sehemu ya zawadi. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi. Ikizidi, atakayelipa ni mpokeaji, pamoja na ada ya posta, na hilo huondoa furaha ya kupokea. Je, zawadi za shangazi, mumewe na watoto zote zimo katika kifurushi kimoja? Funga ya kila mmoja peke yake, andika jina lake, na uiorodheshe kivyake kwenye fomu. Kila mtu atapata kiwango chake.

Tia barua ya bibi au babu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ukilenga Idi au Krismasi, tuma wiki kadhaa mapema, na umpe mpokeaji namba ya kufuatilia mzigo.