IST ya Mwalimu na Maji ya Katuma

Kwenye vijiwe vya chuo, mjadala wa gari la kwanza hauishi. Mtu ajira hajapata, bodi ya mikopo inamsubiri, lakini rangi ya IST ameshachagua. Sina ugomvi na ndoto hiyo, hata mimi ninayo. Ila sisi wa ualimu tunaweza kupangiwa Mlele, Nsimbo au Tanganyika, huku Katavi, na gari tutakwenda nalo. Je, gari la mtumba linaweza kupunguziwa madhara? Linaweza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji pesa nyingi.

Hesabu ya lita moja

Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740. Ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Uzito wa ziada umetoka wapi? Umetoka hewani. Kaboni yenye uzito wa 12 inajiunga na oksijeni yenye uzito wa 32, tunapata 44.

Sasa chukua safari ya kilomita 240, mfano Mpanda hadi Sumbawanga, kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Utachoma lita 20 na kutoa kilo 46 za hewa ukaa. Mkiwa wanne mkachangia mafuta, kila mmoja ana kilo 11.5. Mkienda kila mtu na gari lake, ni kilo 184. Hakuna kifaa cha kununua kinachofikia punguzo hilo.

Kwa nini nisisubiri la umeme?

Hoja hii ni nzuri, lakini kwanza uliza umeme unatoka wapi. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, kwa hiyo gari la umeme lingekuwa linakula dizeli kwa mlango wa nyuma. Umeme wa maji kutoka gridi ya taifa unabadilisha hesabu hiyo, lakini bei ya gari na upatikanaji wa mafundi bado ni mtihani kwa mshahara wa mwalimu anayeanza. Wakati tunasubiri, IST zipo barabarani. Tushughulike nazo.

Upepo na masega

Tairi lenye upepo mdogo linakokota gari na kuongeza ulaji wa mafuta. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, ukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Masega ninayosema si ya asali ya Inyonga. Ni yale ya kwenye ekzosi, yenye madini kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, na nyinginezo, kuwa gesi zenye madhara madogo. Kwa sababu madini hayo yana bei, wapo wanaoyang'oa na kuyauza. Ukiambiwa "tukutolee masega gari liwe jepesi", kataa. Sumu utakayoachia watavuta wanafunzi wako wanaotembea pembeni ya barabara.

Oili chafu

Hapa ndipo penye uzito zaidi kwa Katavi. Mafundi wengi humwaga oili chafu chini, au huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Kweli mchwa hukimbia, lakini oili hiyo ina metali nzito, na mvua huisomba. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema oili ya kubadilisha gari moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji, yaani karibu lita milioni 3.8.

Mto Katuma unapita Sitalike, unaingia Hifadhi ya Katavi, na maji yake yanaelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi viboko hurundikana kwenye vidimbwi vichache vinavyobaki. Na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Uchafu unaofika humo hauna pa kwenda.

Betri

Reli ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Leo risasi inarudi ndani ya betri za magari, na zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri iliyokufa irudishwe dukani au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Usimpe mtu wa kuipasua uani kwake.

Tufanye nini?

Kisheria, oili chafu na betri chakavu ni taka hatarishi. Kumlaumu fundi peke yake ni uonevu kama hana pa kuzipeleka. Napendekeza serikali yetu ya wanafunzi iiandikie Manispaa ya Mpanda kuomba kituo kimoja cha kukusanyia, chenye madumu ya mifuniko na sakafu ya saruji. Na wewe mwenye gari, kabla fundi hajafungua nati ya oili, muulize: "Hii inakwenda wapi?" Kama hana jibu, nenda na dumu lako.